Despacito ilipandaje? Maswali yenu kuhusu chati na mdundo wa dembow

Maswali haya yamekusanyika kwa muda. Mengi yanahusu Despacito, wimbo wa Kihispania wa Luis Fonsi na Daddy Yankee wa Puerto Rico, mengine dembow, mdundo unaobeba muziki wa reggaeton. Tumeyafupisha, ila hatukuyageuza.

Kuna ubishi kijiweni kwetu: bila Justin Bieber, Despacito ingefika wapi?

Ingekuwa kubwa vilevile, ila namba moja ya Marekani ingekuwa ngumu. Wimbo ulitoka Januari 2017 bila Bieber. Kabla remiksi, yaani toleo la pili lenye Bieber, haijasikika, ulikuwa tayari unaongoza Hot Latin Songs, chati ya nyimbo za Kilatini ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na umeshakamata Hispania na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini. Kwenye Hot 100, chati kuu, uliingia nafasi ya 88, ukajivuta hadi nafasi za arobaini, ukakwama hapo.

Ulikwama kwa sababu ya hesabu. Hot 100 huchanganya mambo matatu: mauzo, usikilizaji wa mtandaoni (wakati ule YouTube ikiwemo), na ukubwa wa hadhira ya redio. Mawili ya kwanza Despacito ilikuwa nayo. Redio ndiyo ilikuwa pengo, kwani stesheni za pop ya Kiingereza hazikujua ziichomeke wapi. Remiksi ya 17 Aprili 2017 iliziba pengo hilo. Bieber anafungua kwa mistari ya Kiingereza, kisha anaingia kwenye kibwagizo kwa Kihispania. Mpanga vipindi aliyekuwa anasita akapata sababu ya kuupiga.

Chati ya 27 Mei ikaukuta namba moja, ukakaa wiki 16. Hapo ulifikia rekodi ya One Sweet Day ya Mariah Carey na Boyz II Men, ndipo Taylor Swift akautoa Septemba. Mbinu yenyewe si mpya. Wimbo wa mwisho wa Kihispania kufika namba moja kabla ya huo ulikuwa Macarena, mwaka 1996, na uliofika kileleni ni ule uliofanyiwa remiksi na Bayside Boys na kuongezewa beti za Kiingereza.

Remiksi si wimbo mwingine? Kwa nini wanajumlisha?

Billboard hujumlisha matoleo ya wimbo uleule maadamu wimbo wenyewe unabaki unatambulika. Jina la msanii linaloandikwa hufuata toleo linaloingiza pointi nyingi, ndiyo maana Bieber alionekana kwenye Hot 100 baadaye, si tangu mwanzo.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hawalioni. Wiki ya kuhesabu mauzo na usikilizaji huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Remiksi ilitoka siku ya Jumatatu. Maana yake katika wiki yake ya kwanza ilikuwa na siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi, na bado wimbo uliruka mpaka nafasi ya 9. Msanii anayeachia kazi kwa ajili ya chati huichagua Ijumaa ili apate siku zote saba. Ukiachia Jumatano, hamu ya mashabiki inagawanyika wiki mbili, na hakuna wiki inayoonekana nzito.

Mbona Gasolina, iliyotikisa kila disko, haikuingia hata kumi bora Marekani?

Gasolina ya Daddy Yankee ilitoka 2004 kwenye albamu ya Barrio Fino, ikatengenezwa na watayarishaji Luny Tunes. Uingereza ilifika nafasi ya 5. Marekani iliishia nafasi ya 32 kwenye Hot 100, na cha ajabu zaidi, nafasi ya 17 kwenye chati ya Kilatini. Wakati ule chati ya Kilatini ilihesabu redio peke yake, na redio za Kihispania zilikuwa za baladi na muziki wa Mexico. Kijana aliyenunua CD au kuicheza kwenye gari hakuhesabiwa. Billboard ilibadilisha utaratibu Oktoba 2012, mauzo na usikilizaji vikaingia. Despacito ilikuta mizani tofauti kabisa: wiki 56 namba moja kwenye chati ileile. Mwaka 2023 Gasolina iliwekwa kwenye kumbukumbu ya rekodi za sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, reggaeton ya kwanza kuingia humo.

Nina kompyuta na FL Studio. Nipangeje biti ya reggaeton?

Tumia gridi ya hatua 16. Kasi iwe kati ya mapigo 88 na 96 kwa dakika. Kiki (ya ngoma, si ya magazeti ya udaku) iweke hatua ya 1, 5, 9 na 13. Snea iweke hatua ya 4, 7, 12 na 15. Mdundo ndio huo. Ukiusema kwa mdomo utasikika *dum… ka-dum-ka, dum… ka-dum-ka*. Usipoweza kuusema, usiendelee, rudi uhesabu hatua.

Makosa tunayoyasikia mara kwa mara ni haya. Snea kuwekwa kwenye 5 na 13: hapo umepiga hip hop, na hakuna sauti ya ziada itakayoiokoa. Swing (kitufe kinachochelewesha baadhi ya hatua kidogo) kuachwa imewashwa: dembow hukaa wima juu ya gridi, zima. Kasi kunakiliwa kutoka programu inayokisia: Despacito ni 89, lakini programu nyingine itakuandikia 178, na ukiifuata snea zako zitakimbia kama singeli. Besi na kiki kugombania nafasi moja: fanya besi ishuke kidogo kila kiki inapogonga, la sivyo spika ndogo zitatoa mngurumo tu.

Halafu kuna siri ya Puerto Rico inayofanya biti fupi hivi isichoshe. Mpangilio haubadiliki, snea ndiyo inayobadilishwa. Tafuta snea tatu au nne: moja kavu, moja nzito, moja yenye mlio wa timbale, ngoma ya chuma ya muziki wa Kilatini. Badili kila baada ya mizunguko minne au minane, hasa ubeti unapoingia kibwagizo. Sikiliza kazi za Luny Tunes ukiwa umeziba masikio kwa mashairi, utaisikia.

Mdundo huo una mwenyewe? Naweza kushtakiwa?

Asili yake inayotajwa ni Jamaika. Watayarishaji Steely na Clevie walitengeneza ridimu (biti ya kuimbia) ya Fish Market mwaka 1989, Shabba Ranks akaimba Dem Bow juu ya mdundo wa namna hiyo, na jina likabaki. Panama na New York waliupeleka kwenye Kihispania, Puerto Rico ikaukuza. Mwaka 2021 upande wa Steely na Clevie ulifungua kesi California, ikapanuka hadi kugusa wasanii zaidi ya mia, Fonsi na Daddy Yankee wakiwemo. Mei 2024 jaji alikataa kuitupa. Kwa mtu wa studio ndogo, la maana ni kutokata kipande cha rekodi ya mtu. Gonga kiki na snea zako mwenyewe. Kipande kilichokatwa kinahitaji ruhusa, hata kiwe sekunde mbili.

Lakini Despacito ni reggaeton kweli?

Nusu. Fonsi ni mtu wa pop na baladi. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ni nne zinazozunguka wimbo mzima (Bm, G, D, A), na mwanzo umebebwa na cuatro, gitaa la Puerto Rico lenye nyuzi kumi, lililopigwa na Christian Nieves. Reggaeton ni ngoma na sehemu ya Daddy Yankee. Penye jina la wimbo, ambalo maana yake ni taratibu, ngoma zinanyamaza na silabi zinavutwa moja moja.

Bado ndiyo video iliyotazamwa zaidi YouTube?

Hapana. Iliongoza kuanzia Agosti 2017, Baby Shark ikaipita Novemba 2020. Na kwa wale wa kijiweni: video hiyo, iliyopigwa mtaa wa La Perla mjini San Juan, ni ya toleo la kwanza. Bieber hamo.