Mkaa si kuni, wadogo zangu

Juzi nimemkuta kijana wa karakana anamimina mkaa kwenye jiko la kuwashia juu. Jiko la kuni, lile unalolijaza mara moja, ukawasha juu, moto ukashuka polepole! Hewa ya chini ikaupuliza, sahani ya matundu ikawa nyekundu, ikapinda. Kusema nimechoka, basi naandika.

1. Mkaa umeshaacha gesi zake kwenye tanuri. Kilichobaki kingi ni kaboni: unang'aa, hautoi ndimi ndefu. Ndiyo maana jiko la kauri la Kenya, lililoenea tangu miaka ya 1980, ni fupi, mkaa unakaa karibu na sufuria. Mlango wa hewa ufunge sawasawa, la sivyo mama atapikaje wali kwa moto mdogo?

2. Kuni na mabunzi bado vina gesi, na moshi ni gesi na lami zilizokosa kuungua. Matundu ya juu kwenye jiko la kuwashia juu si mapambo. Yanaleta hewa ya pili, imeshapata joto, izichome. Kuni mbichi msiniletee.

3. Kuni haziongezwi katikati ya mapishi. Hapa nina kidonda. Kijijini, mbele ya akina mama, nilikuwa nimeshatamba kwamba masizi ndiyo basi. Jiko likawaka bluu, nikavimba kichwa. Maharage hayajaiva, moto ukazimika juu, zikabaki kaa za moto chini. Badala ya kutulia, nikatupia konzi mbili za vipande vya mwarobaini. Kaa zile zilizitoa gesi kwa pupa, na huko juu hakuna tena mwali wa kuzidaka. Moshi mzito, wa manjano! Watoto wakakimbia wakikohoa, mimi napepea kwa kofia kana kwamba kofia ni feni. Bibi mmoja akafuta machozi kwa kanga, akaniuliza kwa upole kabisa: “Mwanangu, na lile lisilo na moshi utalileta lini?” Maharage yakamalizikia kwenye mafiga matatu. Tuliyala, yalikuwa matamu, na hakuna aliyenunua jiko. Siku hizi natembea na kopo la pili la jiko, limeshajazwa kuni.

4. Mkaa hauna moshi, lakini ukiwaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na inaua. Mnaopima majiko kwa kuchemsha maji, fungueni mlango wa stoo, hata kama upepo unawavurugia vipimo.