Nina miezi minne kazini, nitafundisha nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari mwanagenzi, nina miezi 4 tangu nianze kazi wodini. Majuzi bingwa wetu alinikabidhi wanafunzi 5 wa udaktari, akasema "hawa ni wako", akaenda zake. Wagonjwa ni wengi, simu haiachi kulia, na hawa watano wananifuata kila niendako kama vifaranga. Mmoja aliniuliza kwa nini mgonjwa mwenye potasiamu nyingi kwenye damu huchomwa kalsiamu. Niliona haya kusema sijui, nikajibu kwamba inashusha potasiamu. Akaandika kwenye daftari. Usiku nikasoma, kumbe nimewapotosha. Nimwombe bingwa awachukue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwarudishe.

Bingwa wako amepapasa matumbo mengi mno hata amesahau kwamba kulikuwa na siku mkono wake haukuhisi kitu. Wewe hujasahau. Mwaka jana tu ulikuwa unabonyeza ukilitafuta ini na huoni kitu, halafu siku moja ukaacha kubonyeza, ukatuliza vidole, ukamwambia mgonjwa avute pumzi, ini lenyewe likaja kukugusa. Hilo ndilo la kuwafundisha. Usijaribu kutoa mihadhara ya bingwa, hukuajiriwa kwa kazi hiyo.

Mimi kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, nilifundishwa na daktari aliyenitangulia mwaka mmoja. Darasani tulishaelezwa pembe ya sindano. Yeye alinitazama nikiharibu mshipa wa pili, akasema: "Ukiona damu imeingia kwenye kile kijumba cha plastiki, usishangilie. Ncha ya sindano imeingia, mrija bado. Ilaze, isogeze mbele kidogo tu, ndipo uuteleze mrija." Kumbe ndipo nilipokuwa nakosea kila mara, na hakuna aliyewahi kuniambia, kwa kuwa wakubwa mikono yao ilishazoea kufanya hivyo bila kufikiri.

Zamu yangu ya kufundisha ilipofika, nilitaka kuchoma na kueleza kwa wakati mmoja. Nikakosa mara mbili. Yule mzee kitandani akaniambia kwa upole, "Daktari, maliza kwanza, kisha uwahubirie." Alikuwa amesema kweli. Utaratibu anaoupendekeza Peyton, daktari mpasuaji aliyeandika juu ya kufundisha, una hatua 4 na unafaa hapa: fanya kimya kimya kwa mwendo wako wa kawaida; fanya tena ukieleza; mara ya tatu mwanafunzi aeleze nawe ufanye; ya nne afanye mwenyewe. Hatua hizo hazihitaji mgonjwa mmoja avumilie zote, tumia mkono wa plastiki kama upo. Ule msemo wa "ona moja, fanya moja, fundisha moja" mimi siupendi hata kidogo. Kitu ambacho bado unakifanya kwa kusimamiwa, usimsimamie mwingine akifanye. Na kabla ya mwanafunzi kumgusa mgonjwa, mgonjwa aambiwe kwamba huyu ni mwanafunzi, na akikataa, basi.

Muda? Huna saa nzima, lakini dakika 5 kitandani zipo. Kuna njia ya kufundisha kwa maswali mafupi iliyoandikwa na daktari Neher na wenzake mwaka 1992, nami naitumia mpaka leo, ingawa kwa kuifupisha. Mfano: mama anahema, mwanafunzi amemsikiliza kifua. Usimpe jibu. Muulize, "Unadhani ana nini?" Atasema nimonia. "Umeona nini?" Kikohozi, na sauti za majimaji chini ya mapafu. Sasa funua shuka, bonyeza muundi kwa kidole gumba, hesabu taratibu, toa kidole. Shimo limebaki. Nyamaza, waache walitazame. Kisha wape kanuni moja tu: anayehema huenda moyo wake ndio unaoshindwa na maji yanamjaa, kwa hiyo mtazame miguu na mishipa ya shingo kabla hujasema ni nimonia. Mwambie alichofanya vizuri, yaani zile sauti kazisikia kweli, halafu alichoruka. Si mbele ya mgonjwa kama kosa ni la aibu. Mkaendelee na kitanda kinachofuata.

Kuhusu kalsiamu. Kosa lako si dogo, kwa sababu atakayeamini ulivyosema ataichoma, atatulia, na potasiamu itakuwa palepale. Kalsiamu huutuliza msuli wa moyo usipoteze mapigo yake, basi. Kinachoisukuma potasiamu itoke kwenye damu iingie ndani ya seli ni insulini, nayo hutolewa pamoja na glukosi ili sukari isianguke; na hata hapo imejificha tu, bado inatakiwa itolewe mwilini.

Kesho kabla ya raundi waite wote watano, siyo yule mmoja tu, maana huazimana madaftari. Sema "nilikosea", eleza upya, kisha mwombe aliyeuliza afungue ule ukurasa akate mstari mbele yako.