Maji taka yakiwa chini ya 30, fomu ya mwaka iandikwe sifuri?

SWALI: Habari Mhandisi. Ninasimamia mazingira katika kiwanda cha kusindika samaki hapa Kisumu. Tuna leseni ya kumwaga maji taka, taarifa zetu huenda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kila robo mwaka, na BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu majini) haipiti 30. Sasa mnunuzi wetu wa Ulaya ametuletea fomu akitaka kilo za nitrojeni, fosforasi na vichafuzi vingine tulivyomwaga mwaka mzima. Mshauri wetu anasema aliye chini ya kiwango cha sheria anajaza sifuri. Ni yeye pia aliyetuelekeza tuchanganye maji ya kisima kabla ya bomba la kutokea, na tangu hapo vipimo vimetulia kwenye 28. Tunatoa kama mita za ujazo 800 kwa siku, nusu yake ikiwa ya kisima. Tuandike sifuri? – Afisa Mazingira, Kisumu

JIBU: Msiandike sifuri. Na kabla ya kujaza kisanduku chochote, nenda kafunge vali ya hicho kisima.

Swali lako, kwa sura mbalimbali, nalipata kutoka Kisumu, Nakuru na Muhoroni, na karibu kila mara nyuma yake yuko mshauri wa mkoba. Anaingia, anatazama cheti cha maabara, anaona namba iko chini ya 30, anaandika ankara, anaondoka. Mto hata hakuutazama.

Ile 30 ni miligramu kwa lita. Kanuni zetu za ubora wa maji za 2006 ziliiweka kama kikomo cha BOD kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na zinachouliza ni hiki: lita moja inayotoka kwako imebeba nini? Fomu ya mnunuzi inauliza jambo lingine kabisa: tangu Januari hadi Desemba, Ziwa Viktoria limepokea kilo ngapi kutoka kwako? Unaweza kufaulu swali la kwanza kila siku ya mwaka na bado ukawa umemwaga tani kadhaa.

Piga hesabu mwenyewe. Mita za ujazo 800 mara miligramu 28, gawanya kwa 1,000: kilo 22.4 za BOD kwa siku. Sasa ondoa maji ya kisima. Unabaki na mita 400, na kwa kuwa kisima hakikuwa na uchafu wa kutajwa, ukolezi wake unarudi 56. Mita 400 mara 56, gawanya kwa 1,000: kilo 22.4. Hakuna gramu hata moja iliyopungua. Mchuzi uliozidi chumvi ukiuongeza maji utalika, lakini chumvi yote bado imo sufuriani. Mshauri wenu amewauzia umeme wa pampu na maji ya ardhini ambayo WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, inapaswa kuyatolea kibali, na mtambo wa kusafisha maji taka ukabaki unafanya kazi nusu bila mtu kujua. Hiyo 56 ndiyo namba yenu halisi, na ni karibu mara mbili ya kikomo. Mambo ya leseni yazungumzeni na NEMA mapema, kabla mkaguzi hajachukua sampuli juu ya mahali kisima kinapoingilia.

Turudi kwenye fomu. Mnunuzi hakuitunga kichwani mwake. Nchi nyingi za Ulaya zinaendesha sajili za utoaji na uhamishaji wa vichafuzi, chini ya Itifaki ya Kyiv ya 2003 yenye vichafuzi 86, na Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni yake ya 2006 yenye 91. Kenya si mwanachama wa itifaki hiyo, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kisheria. Anayekulazimisha ni soko. Ukiisoma orodha yao, BOD unayoitaja kwa fahari haimo. Kuna nitrojeni yote, fosforasi yote, na kaboni hai yote, ambayo wanaruhusu ikadiriwe kwa kugawanya COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) kwa 3. Kwa hiyo cheti chako kizuri cha BOD hakijazi hata mstari mmoja wa fomu hiyo.

Orodha hiyo ina vizingiti pia. Kwa maji, kituo huripoti nitrojeni ikivuka kilo 50,000 kwa mwaka, fosforasi kilo 5,000, zebaki kilo 1. Tuseme, kwa mfano tu, mita zako 400 zina nitrojeni miligramu 40 kwa lita na mnafanya kazi siku 300: hizo ni kilo 4,800. Uko mbali sana na kizingiti. Je, ndiyo sifuri? Hapana. Ni kilo 4,800, chini ya kizingiti, na ndivyo unavyoandika. Kama hukupima, andika hatukupima. Kama maabara ilitafuta zebaki ikakosa, andika kiwango cha chini kabisa ambacho kifaa chao kinaweza kukiona. Sifuri ina maana moja tu: kitu hicho hakitoki kwako, na unaweza kueleza kwa nini.

Kwenye nitrojeni uwe macho zaidi kwa sababu ya bidhaa yenu. Samaki ni protini. Damu na vipande vinavyoingia mfereji wa sakafu vina nitrojeni ambayo haijageuka amonia wala nitrati, na maabara nyingi zikiambiwa tu "pima nitrojeni" hupima hizo mbili zikaishia hapo. Omba nitrojeni yote kwa maandishi. Halafu soma kipimo kimeandikwaje. Miligramu 10 za nitrati si miligramu 10 za nitrojeni. Ni kama 2.3, kwa maana sehemu kubwa ya uzito wa nitrati ni oksijeni. Fosforasi ni vivyo hivyo: fosfeti ni uzito wa mara 3 wa fosforasi iliyo ndani yake. Mmoja akiripoti fosfeti na jirani yake fosforasi, halafu karani akazijumlisha, jumla hiyo haina maana yoyote.

Kisha kuna ule mtiririko wa "kama mita 800". Hiyo "kama" ndiyo inayoharibu hesabu kuliko maabara. Wengi wenu mna kile kibati chenye pengo la V kwenye mfereji, mtu anasoma kina cha maji kwa rula, anaandika daftarini. Kwa pengo la nyuzi 90, maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya V, yanapita kama lita 4.4 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 12 yanapita 6.9. Sentimita 2 tu, na mtiririko umeongezeka kwa zaidi ya nusu! Na rula hiyo wengi huiegemeza kwenye kibati chenyewe, mahali ambapo maji tayari yameanza kuinama kuelekea nje, kwa hiyo kila siku wanasoma pungufu. Kina kinasomwa nyuma ya kibati, umbali wa angalau mara 3 au 4 ya kina kikubwa mnachotarajia, mahali maji yametulia. Ondoa pia magamba na mafuta yaliyoshika kwenye pengo kabla ya kusoma. Kama mnaweza kununua mita, nunueni.

Na hukuniambia bomba lako linaishia wapi. Kama linaingia kwenye mfereji wa maji taka wa mji, kikomo chako cha BOD ni 500 badala ya 30, na kwenye fomu kilo zako zinaandikwa kama uhamishaji. Anayeripoti utoaji ni mtambo wa mji unaopokea. Nyote wawili mkiziandika kama utoaji, ziwa limehesabiwa uchafu ule ule mara mbili. Mwaka nao uangalie: taarifa zetu nyingi hufuata mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, na sajili hizo hufuata kalenda. Usichukue robo nne za mwaka wa fedha ukazibandika kichwa cha Januari.

Utasema ni kiwanda kimoja, kuna ubaya gani. Ziwa hili Kenya ina kama asilimia 6 ya uso wake; sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Kuna itifaki ya 2003 ya maendeleo endelevu ya bonde lake, na kamisheni ya bonde ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapo hapo Kisumu. Watu wakikaa mezani Arusha au Kampala kulinganisha mizigo ya vichafuzi, wanajumlisha karatasi kama yako. Ghuba la Winam, ambalo Kisumu iko ukingoni mwake, ni la kina kifupi, limeungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba, na gugu maji linajua fosforasi iko wapi hata kama fomu haijui. Ni kweli, maji ya mashamba yanayoteremka na mito ya Nyando na Nzoia, pamoja na vumbi na mvua, huleta virutubisho vingi kuliko viwanda. Lakini nani atamshawishi mkulima wa Ahero abadilishe anavyotia mbolea, wakati safu ya viwanda imejaa sifuri ambazo kila mtu anajua si za kweli? Sifuri ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu. Nafasi tupu mtu atarudi kuijaza, sifuri hakuna anayeirudia.

Kwa hiyo jihadharini na washauri hawa wa mkoba, wameongezeka tangu wanunuzi waanze kutuma fomu. Yuko anayeuza bakteria kwenye jerikeni na kuahidi BOD itashuka wiki ijayo bila nyinyi kugusa bwawa lililojaa tope. Yuko anayekuja kuchukua sampuli Jumatatu alfajiri, laini ya minofu haijawashwa, chupa moja, basi. Sampuli ya maana hukusanywa kidogo kidogo zamu nzima, ikiwemo saa ya kuosha sakafu. Na yuko, huyu ananiudhi kuliko wote, anayechota asubuhi na kuwaletea cheti cha BOD jioni. Kipimo hicho hukaa kwenye nyuzi 20 kwa siku 5. Namba iliyofika siku hiyo hiyo haikupimwa, ilikadiriwa au ilitungwa.

Huyo wenu mwombeni daftari la mtiririko, saa ambazo sampuli zilichukuliwa, na karatasi ya maabara kabla haijapigwa chapa upya. Akisema hivyo ni siri ya ofisi yake, msimlipe.