Amepita Nakuru bila kunipigia, akalala Salgaa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nakaa Kaptembwa hapa Nakuru na nina watoto wawili. Baba watoto ni dereva wa trela, hubeba makontena kutoka Mombasa kwenda Kampala, na nyumbani tunamwona siku chache tu kwa mwezi. Tulikubaliana awe ananiwashia lokesheni kwenye WhatsApp. Mwezi uliopita nikaona amepita Nakuru bila kunipigia, akaenda kulala Salgaa, kule wanakopaki madereva wa malori, mpaka asubuhi. Nikampigia, hakushika. Tukagombana kwa meseji siku mbili, akazima lokesheni, akazima na tiki za buluu. Sasa mwenzangu wa chama ananiambia kuna fundi mjini anayeweza kuweka programu ya siri kwenye simu yake, niwe nasoma kila kitu. Anataka shilingi 3,000. Nimpe? Ndoa yetu iko kwenye simu, Shangazi, na naona simu hiyo hiyo inatumaliza.
Mama Wawili, Kaptembwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, na mume hajatolewa humo. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni nayo inasema kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Lakini hata tukiweka sheria kando, jiulize: huyo fundi akishaweka programu yake, nani mwingine anasoma? Meseji za M-Pesa za mumeo, picha za wanao, maneno yenu wenyewe ya usiku, yote umeyakabidhi kwa mtu ambaye hata jina lake kamili hulijui. Na siku ukikuta jambo, utamwuliza vipi mumeo bila kumweleza umelijuaje?

Sasa tuje Salgaa. Najua kwa nini jina hilo lilikuchoma. Hakuna mwanamke wa Nakuru asiyejua sifa za pale, baa na gesti zinazongojea madereva, na mimi sitakuapia kwamba mumeo ni malaika, sijamwona. Ila itazame hiyo barabara kama anavyoitazama yeye. Ukitoka Salgaa kwenda Eldoret unakutana na Migaa, Sachangwan na ule mlima wa Mau Summit. Ni pale Migaa ambapo Desemba 2017 basi na lori ziligongana wakafa watu 36. Dereva mwenye usingizi anayepaki Salgaa badala ya kukiingia kipande hicho usiku amefanya jambo ambalo wewe ungepiga magoti kuomba alifanye.

Utasema, basi si angelala kwangu? Shehena inayovuka mpaka kwa kawaida hufungwa kufuli la kielektroniki, na mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda hulifuatilia kwenye skrini njia nzima. Lori likiacha barabara iliyopangwa, taarifa hufika kwa wakubwa papo hapo. Kaptembwa haiko kwenye njia ya Kampala. Tena mwenye lori naye huenda ameweka kifaa chake cha kumfuatilia. Kwa hiyo huyu mtu ametazamwa tangu Mombasa, na akifungua simu anakuta na mkewe yuko zamu. Hapo ndipo alipozima. Sisemi alifanya vizuri. Kuzima kimya kimya bila neno ni utovu wa adabu kwa mke, na hilo una haki ya kumwambia.

Nimeirudia barua yako, na kilichonigusa zaidi hakikuwa Salgaa. Ni yale maneno uliyoyapitia haraka: amepita Nakuru bila kunipigia. Mtu yuko dakika chache kutoka kwenye mlango wako, watoto wake wamelala pale, na hakupata hata nafasi ya kusema niko hapa napita. Hilo linauma, na ningekuwa wewe ningelia. Lakini siku mbili hizo za meseji, mliongea habari hiyo hata mara moja? Nadhani mliongea Salgaa tu: ulikuwa na nani, mbona hukushika simu. Naye akajibu kama mshtakiwa.

Meseji za ugomvi ziacheni kabisa. "Uko wapi" ya mapenzi na "uko wapi" ya hasira huandikwa sawasawa, na mtu aliyechoka husoma ile mbaya. Ikianza, andika tu "tutaongea ukipaki" halafu uweke simu chini kweli, si kuiweka na kuiokota.

Badala yake mtumie sauti. Dereva hawezi kusoma akiwa kwenye usukani, wala hatakiwi, lakini akishapaki, au akiwa kwenye foleni ya mpakani Malaba ambako malori hukaa saa nyingi bila kusonga, ana masikio na ana upweke. Wa kwanza amsomee hadithi ya shule, dakika mbili. Mdogo amweleze jino limeng'oka vipi. Mwambie mambo ya sokoni yaliyokuchekesha. Sauti kama hizo mwanamume huzirudia peke yake ndani ya kebini, hata kama hatakuambia. Kuna jambo nilisita kukuambia, maana najua utakavyolitumia: mtu aliyezima tiki za buluu bado huonekana akisikiliza ujumbe wa sauti, ile alama ya maikrofoni hugeuka buluu. Haya, umejua. Usikeshe ukiikodolea macho. Na jua pia kwamba aliyezima tiki zake haoni za wengine, kwa hiyo naye hajui kama umemsoma.

Halafu kagua ulizomtumia mwezi huu. Ukitoa karo, gesi, kodi ya nyumba na "tuma", zinabaki ngapi? Usinijibu mimi.

Lokesheni msiifukuze kabisa, ila iwe mkononi mwake. WhatsApp humpa mtu kuchagua muda wa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha inajizima. Aiwashe akipanda Mau Summit usiku, ili akikwama awepo mtu anayejua alipo. Wewe ukiiona imesimama mahali, usipige kuuliza imesimamia nini. Hapo ndipo mlipoharibu mara ya kwanza.

Na usiku ule wa Salgaa, unajua simu ingewafaa nini? Kukutana. Kutoka mjini Nakuru hadi Salgaa ni kama kilomita 30, matatu zipo. Rekodi maneno haya kwa sauti yako, usiyaandike:

"Baba watoto, nilikuhoji kama polisi, na hilo sikufanya vizuri. Kilichoniuma ni kwamba ulipita mjini kwetu kimya. Safari ijayo ukifika mzani wa Gilgil nipigie. Kama utalala Salgaa, nitakuletea chakula tule pamoja, kesho uendelee na safari."

Umtumie akiwa amepaki, kisha ungoje. Akikubali, pika, panda matatu, uende. Watoto waache kwa jirani unayemwamini, pale usiku si pa watoto.

Kama atakwepa safari baada ya safari, leo mvua, kesho utingo anaumwa, hapo wasiwasi wako una msingi, na bado dawa yake haiko kwa fundi. Mngoje arudi nyumbani, watoto wakilala mzime simu zote mbili, umwulize ana kwa ana. Wasimamizi wenu wa harusi waje kama hamwezi peke yenu. Mwende pia kupima pamoja katika kituo cha afya, jambo ambalo ningemshauri mke na mume yeyote wanaoishi mbalimbali hivi, hata wasioshukiana. Ila usiende Salgaa kwa siri kuwauliza wenye gesti. Hao huwajibu wake wa madereva kila wiki, na jibu lao ni lile lile kwa wote.