Kompaila ya bure haijapunguzwa nguvu

Swali: Nina kompyuta ya mtumba nyumbani, Windows 10 ya biti 64, RAM GB 4. Nataka kujifunza lugha ya programu ya C. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi, anasema kompaila za bure (programu za kugeuza msimbo ulioandika kuwa programu inayoendeshwa) zimepunguzwa nguvu, kwa hivyo nimlipe shilingi 1,500 aniwekee Visual Studio "full" iliyokrakiwa (kinga ya leseni imevunjwa), na Turbo C++ juu yake. Nimsikilize? – Msomaji, Umoja

Jibu: Usimlipe. Visual Studio, kifurushi cha kuandikia programu, ina toleo la Community ambalo Microsoft wenyewe hulitoa bure kwa anayejifunza, na kompaila iliyo ndani yake ni ileile ya matoleo ya kulipia. Fundi wako anauza kitu cha wizi ilhali cha halali hakina bei.

Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba kompaila ya bure ni sampuli, kwamba ukifika mbele itakukatalia na kudai ufunguo. GCC, kompaila ya bure, ilianza kutolewa mwaka 1987 na mpaka leo haina siku 30 za majaribio wala sehemu iliyofungwa. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, hujengwa kwa hiyo. Android hujengwa kwa Clang, kompaila nyingine, nayo ni ya bure vilevile. Zoezi lako la kujumlisha namba halitaishinda.

Turbo C++ ndiyo iliyopunguka, kwa uzee. Ni kompaila ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla hata C++ haijapata kiwango chake cha kwanza mwaka 1998. Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha bila kiigaji cha DOS kama DOSBox. Ndani yake int, aina ya kuhifadhi namba kamili, ni biti 16, mwisho wake 32,767. Andika programu ya kutafuta faktoria ya 8 (1 × 2 × 3 hadi × 8) kwa int: jibu ni 40,320, lakini Turbo itakuonyesha -25216. Mwanafunzi hukesha akitafuta kosa katika hesabu yake na hesabu haina kosa. Kisha huzoea mtindo wa Turbo wa void main() na kusafisha skrini kwa clrscr() ya faili la conio.h; akija kwenye kompaila ya sasa anaambiwa conio.h hii haina clrscr, au haipo kabisa.

Kwa mashine yako, weka GCC kupitia MSYS2, kifurushi cha bure cha kusakinisha zana kama hizo kwenye Windows. Visual Studio hula gigabaiti kadhaa za diski na kwa RAM GB 4 itakuchosha. Pakua MSYS2 kwenye tovuti yake yenyewe, iache iingie C:\msys64, kisha fungua dirisha linaloitwa UCRT64. Liwe hilo hasa, kwa sababu yapo madirisha kadhaa yanayofanana. Andika:

pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc mingw-w64-ucrt-x86_64-gdb

Ikimaliza, ongeza C:\msys64\ucrt64\bin kwenye Path, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Funga Command Prompt iliyokuwa wazi, fungua mpya, uandike gcc --version. Ikijibu "not recognized", Path umeikosea au dirisha ni lile la zamani. Kihariri chagua unachopenda. Ila ujue VS Code ni kihariri tu, ukiiweka peke yake hujaweka kompaila.

Kila mara kompaili hivi:

gcc -std=c17 -Wall -Wextra -g zoezi.c -o zoezi

Ile -Wall, inayowasha maonyo, usiiache hata siku moja. Ukisahau alama ya & kwenye scanf, amri ya kusoma anachoandika mtumiaji, bila onyo programu itajengwa kimya kimya halafu ianguke ikiendeshwa. Ukiona "undefined reference to WinMain", mara nyingi hukuhifadhi faili au main umeiandika vibaya. Ikidai faili haipo, washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya faili: Notepad huenda imekuandikia zoezi.c.txt.

Sasa hiyo kraki. Maagizo yake karibu kila mara huanza na "zima antivairasi kwanza", na watu hutii! Unaipa programu ya mtu usiyemjua ruhusa za msimamizi, kwenye kompyuta hiyohiyo ambayo brauza yake imehifadhi nywila ya barua pepe, ya eCitizen na ya benki. Faili zikishafungwa na virusi vya kudai fidia, fundi atakuuzia Windows nyingine, nayo imekrakiwa. Hali ni ileile kwa Office, kwa AutoCAD, kwa kila "full version" inayozunguka mjini kwenye flashi.

Kama ameshaiweka, kufuta programu pekee hakutoshi. Badilisha nywila zako ukitumia simu au kompyuta nyingine. Hamisha nyaraka na picha, ukiacha kila faili la .exe. Kisha, kwenye kompyuta safi, tengeneza flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool ya Microsoft na usakinishe Windows upya, ukifuta kabisa sehemu ya zamani ya diski.