Umeumia ajalini? Usisaini kabla mfupa haujaunga

Maswali na majibu ya sheria

Sheria za fidia hutofautiana nchi na nchi, lakini maswali ya waliojeruhiwa hufanana. Pale ambapo tofauti hizo zinabadilisha jibu, tumezitaja.

SWALI: Nilikuwa abiria kwenye basi lililogongana na lori. Nimevunjika paja na bado nimelazwa. Mtu wa kampuni ya bima amekuja wodini na hundi inayotosha kulipa hospitali na chenji kidogo, pamoja na karatasi ya kusaini. Ndugu zangu wanasema nichukue. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana kwa yaliyokukuta. Usisaini.

Karatasi ya namna hiyo, hata kama juu imeandikwa "stakabadhi" tu, kwa kawaida ina sentensi isemayo kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho na hutamdai mtu yeyote kitu kingine kutokana na ajali hiyo. Ukishaweka saini, kuitengua mahakamani ni kazi nzito. Utatakiwa uthibitishe kwamba ulidanganywa, ulishurutishwa au hukuwa katika hali ya kuelewa unachosaini. Dawa kali za maumivu zinaweza kuwa hoja, ila ni hoja ya kubishaniwa, si ya kuitegemea.

Gharama za paja haziishi siku unaporuhusiwa kwenda nyumbani. Mfupa unaweza kuchelewa kuunga, au ukaunga umepinda. Chuma kilichowekwa ndani huenda kikahitaji upasuaji mwingine wa kukitoa. Mguu ukibaki mfupi kwa sentimita chache, mzigo unahamia kwenye kiuno na goti. Ndiyo maana dai hupigiwa hesabu baada ya daktari kuandika kwamba hali imetulia, yaani hatarajii tena nafuu kubwa, na kutaja kiwango cha ulemavu wa kudumu. Kwa paja, hilo huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Anayekuja na hundi wodini anaifahamu hesabu hiyo kuliko wewe.

Mwambie akuachie nakala ikasomwe na wakili. Kama nia yake ni kukusaidia kwenye matibabu, kampuni iilipe hospitali moja kwa moja, au ikupe malipo ya awali kwa barua inayosema wazi kwamba hayaathiri haki yako ya kudai zaidi. Akikataa yote mawili, umeshajua hundi ile ililetwa kwa ajili gani. Akitaka kurekodi maelezo yako, huna sababu ya kukubali ukiwa kitandani. Maneno kama "naona naendelea vizuri" hurudi baadaye yakiwa ushahidi dhidi yako.

Halafu tambua kwamba una nafasi nzuri. Abiria hakushika usukani, kwa hiyo ni nadra sana kulaumiwa kwa mgongano. Unaweza kuwadai wenye basi na wenye lori kwa pamoja, na ugomvi wa nani alikosea zaidi ukabaki kati yao. Mtume ndugu mmoja polisi achukue namba za usajili za magari yote mawili, majina ya kampuni zao za bima na namba za hati za bima. Tunza tiketi. Kama huna, tafuta abiria mwenzako atakayethibitisha kuwa ulikuwemo, maana kila ajali ya basi huzaa abiria hewa na kampuni huwashuku wote.

Kuhusu kiasi, mahakama hugawa dai mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hasara halisi: matibabu, dawa, magongo, nauli za kliniki, mshahara uliokatika. Hili hulipwa kwa risiti, na kisicho na risiti hukatwa bila huruma. Fungu la pili ni maumivu, ulemavu na kipato cha baadaye. Maumivu hayana risiti, hivyo hakimu hulinganisha na hukumu za majeraha yanayofanana. Kipato cha baadaye kwenye nchi nyingi hupigwa kwa kizidishi, yaani idadi ya miaka inayozidishwa na kipato ulichopoteza kwa mwaka. Chukua mtu aliyepata 100 kwa mwezi, aliyepoteza asilimia 30 ya uwezo wake wa kazi, akiwa na miaka 20 ya kazi mbele yake. Hapigiwi miaka yote 20, kwa sababu analipwa kwa mkupuo na pesa hiyo inaweza kuzaa, na pia kwa sababu maisha yana yake. Kizidishi kikiwa 13, hesabu ni 30 × 12 × 13, yaani 4,680. Hebu linganisha na hundi ya wodini.

SWALI: Sikufunga mkanda nilipogongwa kwa nyuma. Kampuni ya bima inasema nimejitakia, haitalipa kitu.

JIBU: Katika nchi nyingi hiyo si sababu ya kukunyima kila kitu, ni sababu ya kukukata. Kinachoangaliwa ni kama mkanda ungebadilisha jeraha lenyewe. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Froom dhidi ya Butcher miaka ya 1970, iliweka vipimo ambavyo bado vinafuatwa huko: asilimia 25 ikatwe kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, 15 kama ungelipunguza kwa kiasi kikubwa, na isikatwe kitu kama lingetokea vilevile. Mlango ulioingia ndani na kukuvunja mguu, kwa mfano, mkanda usingeuzuia. Muombe daktari aandike jeraha lilisababishwa na nini, badala ya kulitaja tu. Kofia ngumu kwa mpanda pikipiki hufuata mantiki hiyohiyo, na haihusiki na kifundo cha mguu kilichovunjika.

Yapo maeneo yenye sheria kali. Nchini Marekani, majimbo machache kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia bado yana kanuni kwamba mdai aliyechangia ajali hata kidogo anaweza kukosa vyote. Ila kuchangia ajali ni jambo moja na kutofunga mkanda ni lingine. Usikubali kampuni ichanganye hayo mawili.

SWALI: Mama yetu aligongwa akivuka barabara, gari likakimbia. Hatujui hata namba. Kuna wa kumdai?

JIBU: Huenda yupo. Nchi kadhaa zina mfuko au chombo cha kulipa majeruhi wa magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Uingereza imekuwa nacho tangu 1946. New Zealand ilikwenda mbali zaidi: tangu 1974 mfuko wa umma hulipa majeruhi wa ajali bila kuuliza kosa ni la nani, na kwa upande wa pili majeruhi hawezi kumshtaki dereva kwa fidia ya jeraha hilo. Ulizeni mamlaka ya bima ya nchi yenu kama mfuko upo. Mifuko hii huwa na muda mfupi wa kutoa taarifa na hudai uthibitisho kwamba mlijitahidi kulitafuta gari.

Kwa hiyo ripoti polisi leo kama hamjafanya hivyo, na mpate namba ya kumbukumbu. Kisha kimbilieni kamera: maduka, vituo vya mafuta, magari yaliyokuwa nyuma. Mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe kwa kurekodi juu yake, baadhi ndani ya siku chache tu. Peleka ombi kwa maandishi, taja tarehe na saa. Vipande vya taa au bampa vilivyobaki barabarani visiokotwe na kutupwa. Namba zilizo juu yake zinaweza kuonyesha aina ya gari.

Kosa linaloua madai ya namna hii hufanyika mapokezi ya hospitali. Anayempeleka mgonjwa anasema "ameanguka" ili kukwepa maswali, na karatasi ya kwanza inaandikwa hivyo. Kama ndivyo ilivyotokea kwa mama, nendeni mapema mkaombe maelezo yenu yaongezwe kwenye faili. Msiombe kilichoandikwa kifutwe, maana faili lililochokorwa huharibu zaidi.

SWALI: Ni fundi wa kujitegemea, sina hati ya mshahara. Nitathibitishaje kipato nilichopoteza kwa miezi niliyolala?

JIBU: Kwa mwenendo wa pesa. Toa taarifa za benki na za simu za mwaka mmoja kabla ya ajali na za kipindi ulichougua, uziweke kando kwa kando ili pengo lionekane. Ongeza risiti za vifaa ulivyonunua, oda ulizolazimika kuzirudisha, ujumbe wa wateja, na marejesho ya kodi. Hapo uwe mwangalifu: ukiwa umeiambia mamlaka ya kodi unapata 50, usiiambie mahakama 200. Pia punguza gharama za kazi kwenye hesabu yako, kwani kinachofidiwa ni faida na si mauzo. Kama ulimlipa mtu ashike nafasi yako, malipo yake ni hasara halisi. Asaini kila alipopokea. Asiyeleta chochote mara nyingi hukadiriwa kwa kima cha chini cha mshahara.

SWALI: Polisi wanatuambia tusubiri kesi ya trafiki iishe ndipo tudai. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya dereva, dai la fidia ni lako, na yana saa tofauti. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo itakusaidia sana. Akiachiwa, hujapoteza, kwa sababu jinai huhitaji uthibitisho usioacha shaka yenye maana, wakati madai huamuliwa kwa uzito wa ushahidi wa upande mmoja kuliko mwingine.

Muda wa kufungua shauri la jeraha nchini Kenya, Tanzania na Uingereza kwa kawaida ni miaka 3. Kwingineko unaweza kuwa mfupi zaidi. Gari likiwa la serikali, mara nyingi kuna notisi ya kutoa kwanza au muda hupungua. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa, hata yawe ya kirafiki namna gani. Wapo maofisa wanaojibu barua kwa upole hadi siku ya mwisho ipite, kisha hawajibu tena. Muda ukikaribia, fungueni shauri, mwendelee kuzungumza.

SWALI: Wakili anataka asilimia ya fidia. Nimuulize nini?

JIBU: Kwanza, je, sheria ya kwenu inaruhusu? Si kila nchi inaruhusu. Kisha: asilimia hiyo inapigwa kabla au baada ya kutoa gharama, nani atalipa ada za mahakama na daktari mkishindwa, na fidia itaingia kwenye akaunti ya nani. Majibu yawe kwa maandishi, na nakala halisi za eksirei zako zibaki kwako.