Nyinyi wa ligi ya almasi, wekeni simu kwenye karai

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alifika kwenye mazoezi yetu ya kuzungumza Kijerumani amechelewa, jasho linamtoka, simu ameinyoosha mbele kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho. Siku 212 bila kukatiza striki, ile hesabu ya siku mfululizo kwenye programu ya kujifunzia lugha. Nikampongeza, mimi si mchawi. Kisha nikamuuliza swali la mtoto: "Wie bist du gekommen?" Umekujaje? Alikuwa ametoka Nyamasaria kwa matatu hadi mjini, akamalizia kwa boda. Hadithi anayo, na maneno yake yote yamo kwenye masomo aliyoyamaliza zamani. Akatazama dari. Halafu nikakiona kidole gumba chake cha kulia kikichezacheza hewani, taratibu, kinatafuta vile vijisanduku vya maneno.

Sikucheka. Kidole hicho nakijua, kilikuwa changu.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi kule Berlin, Septemba 2024, sidhani kuna ploti Kondele isiyo na mtu anayehesabu eins, zwei, drei huku akifua. Vizuri sana. Wa Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ya Ujerumani, mnakimbizana na ngazi ya lugha ya B1, sisi wauguzi tunakimbizana na B2 iliyo juu yake, na wote tumeanzia kwenye programu ya simu kwa sababu darasa ni ghali na zamu hazieleweki. Siwaambii muifute. Ila nimechoka kuona watu wakitumbukia kwenye shimo nililoanguka mimi, na bango nililiweka mwenyewe. Haya, moja moja.

1. Striki ni rejesta ya mahudhurio. Inasema ulikuwepo darasani, haisemi kama ulikuwa umelala.

2. Msicheze ligi. Hapa mtanivumilia, nitakaa kidogo.

Nilikuwa zamu ya usiku miezi mitatu mfululizo. Wodi ikitulia saa tisa usiku, nafungua programu. Mwanzoni nilisoma kweli. Kisha nikaingizwa kwenye ligi: watu 30 nisiowajua, tunapangwa kwa pointi, Jumapili usiku wa juu wanapanda na wa chini wanashuka. Nikagundua jambo ambalo nyote mmeshaligundua, msinifiche. Somo jipya linakula dakika kumi na makosa tele, ilhali somo la mwanzo kabisa, lile la mvulana na tufaha, nalimaliza kwa dakika moja na nusu hata macho yakiwa yamefumba. Nikalirudia. "Der Junge isst einen Apfel." Mvulana anakula tufaha. Nilimlisha mtoto yule matufaha kwenye matatu, kwenye foleni ya M-Pesa, kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe. Jumapili moja stima zilipotea Kisumu nzima, wifi ikaenda nazo, nikakopa Okoa Jahazi ninunue bando ili nimshinde mtu mwenye picha ya paka, ambaye mpaka leo sijui kama alikuwa wa Brazil au wa Bondo.

Nikaingia almasi, ligi ya juu kabisa. Nikapiga picha ya skrini, nikaweka status, watu wakanimwagia makofi. Mwalimu wangu hakupiga makofi. Aliniambia nisubiri miezi mitatu kabla ya kujisajili B1. Nikasema moyoni, huyu ana wivu.

Mama yangu anauza omena Kibuye. Alichukua mkopo wa chama tukajazia ada ya mtihani, nikapanda basi la usiku. Kericho ilinipita nimelala. Nakuru nikazinduka, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua simu nifanye somo moja, striki isikatike. Somo gani? Msiniulize.

Kusoma kulikwenda kama maji. Kusikiliza, tukapigana tukatoka sare. Kuandika, wastani. Kisha mchana ikaja Sprechen, sehemu ya kuzungumza. Nikapangwa na kijana wa Nakuru, fundi wa magari, aliyekuwa anakosea der na die, vile vijineno vya jinsia vinavyotangulia nomino, kila sentensi ya pili na wala hashtuki. Swali likatoka: mwenzenu wa darasani amelazwa hospitalini, pangeni pamoja kwenda kumwona. Mimi! Muuguzi! Safari hiyo ningeipanga usingizini kwa Kijaluo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kijana akaanza: "Wann treffen wir uns?" Tukutane lini?

Nilielewa kila neno. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kichwani jibu lilikuwa wazi: Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, wakati wa kuona wagonjwa. Lakini saa nilikuwa nimezizoea kama picha za kubonyeza, sikuwahi kuitamka hata moja mbele ya mtu. Nikashika neno kwa neno: tisa ni neun, nusu ni halb. "Am Sonntag um halb neun."

Hapo kuna makosa mawili yamepandana kama mizigo ya boda. La kwanza, saa tisa yetu ni saa tatu yao, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane na mchana katikati. La pili, halb neun si tisa na nusu. Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea saa inayokuja, kwa hiyo halb neun ni nusu ya kwenda tisa, saa mbili na nusu kwetu. Nilichotaka kilikuwa halb vier. Kijana akanitazama: "Am Abend?" Jioni? Nikajibu kwa ujasiri wa mtu wa ligi ya almasi: "Ja, am Nachmittag." Ndiyo, alasiri. Mtahini akainua macho kutoka kwenye karatasi yake.

"Und was bringen wir mit?" Tumpelekee nini? Matunda, nikawaza. Neno ni Obst. Nimelibonyeza labda mara mia tatu. Nikalivuta, halikuja. Nikavuta tena. Kilichotoka kinywani mwangu, kwa sauti safi na lafudhi ya kupendeza, kilikuwa:

"Der Junge isst einen Apfel."

Kimya. Nje kulikuwa na mtu anakata nyasi, mashine ile naisikia hata sasa. Kisha yule fundi, Mungu amzidishie wateja, akatingisha kichwa kana kwamba nimesema la maana: "Ah, gut! Dann kaufen wir Äpfel." Vizuri! Basi tununue matufaha. Akabeba mazungumzo yote begani mpaka mwisho, mimi naitikia ja, gut, ja. Kwenye uwasilishaji, ule wa kueleza mada, nilikuwa nimekariri aya nne. Ya pili nilipokosa neno moja, zote zilizofuata zikaondoka nalo.

B1 ya Goethe, taasisi ya Kijerumani inayotoa mtihani huo, ina moduli nne, na kila moja inataka pointi 60 kati ya 100. Kusoma nilipata 87. Kuzungumza, 38. Niliporudi nilienda moja kwa moja Kibuye kumwambia mama kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Alinisikiliza mkono ukiwa ndani ya omena.

"Nyathina, kwani hiyo simu ilikuwa haikuulizi maswali?"

"Ilikuwa inaniuliza."

"Na ulikuwa unajibu?"

"Nilikuwa nabonyeza."

Akarudi kujaza gorogoro ya mteja. Mkopo ule wa chama ulilipwa kwa miezi saba.

Afadhali tu moduli moja unaweza kuirudia peke yake. Nilirudi baada ya miezi minne nikapita, na katika miezi hiyo sikujifunza maneno mapya hata hamsini. Nilifanya kitu kimoja: kila nilichokibonyeza, nilikitamka tena simu ikiwa imefunikwa kifudifudi, kisha nikakibadilisha kiwe changu. Mvulana anakula tufaha. Mama anauza omena. Mama hauzi omena leo. Kwa nini mama hauzi omena leo? Majirani walidhani nimerogwa.

3. Nilikuwa nakuja kwenye der, die, das. Acheni kulia. Nyinyi mnasema kiti kimevunjika, mti umevunjika, jiwe limevunjika bila kufikiri, ngeli zote hizo, halafu Mjerumani akileta tatu mnasema lugha ni ngumu? Kosa letu ni kwamba programu nyingi zinatufundisha Kijerumani kupitia Kiingereza, na Kiingereza hakina ngeli, basi na sisi tunajifanya hatuna. Nomino ikariri na kijineno chake shingoni: der Verband (bendeji), die Spritze (sindano), das Bett (kitanda). Anayekariri Bett tupu atarudi kuokota das barabarani.

4. Mgonjwa ni Sie, "wewe" ya heshima. Wenzako wa wodi ni du, "wewe" ya kirafiki, wakikukaribisha. Programu inakuzoesha du kwa sababu inaongea na wewe kama rafiki, lakini hebu fikiria mzee wa miaka themanini anaitwa du na mgeni aliyefika jana. Nyumbani hungemwita mzee hivyo, ungemwamkia shikamoo.

5. Namba semeni kinyumenyume mpaka zizoeleke: 21 ni moja-na-ishirini, einundzwanzig. Someni kwa sauti bei za sokoni, namba za matatu, joto la mgonjwa. Kwenye A1 utaombwa kutaja namba na kutaja herufi za jina, na kuna mtu hapa, hatajwi, alishindwa kutaja herufi za jina lake mwenyewe la ubatizo.

6. Weil, yaani "kwa sababu", hupeleka kitenzi mwisho. Basi.

7. Maikrofoni ya programu ina huruma kupita kiasi, unamumunya maneno nayo inakuwekea tiki ya kijani. Drucken ni kuchapisha, drücken ni kubonyeza. Ukimwambia mgonjwa achapishe kengele atakuangalia tu. Kwa ü, sema i huku midomo umeikunja kama unapuliza chai. Jirekodi, kisha jisikilize, hata kama sauti yako inakukera. Yangu inanikera.

8. Kadi. Kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akajipima baada ya saa, baada ya siku, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona. Tunasahau haraka sana mwanzoni, baadaye pole pole. Programu kama Anki zimejengwa juu ya wazo hilo, zinakurudishia kadi pale karibu na kusahau, na kwa Android ni bure. Wekeni sentensi mlizotunga wenyewe, upande wa mbele Kiswahili, nyuma Kijerumani, na mjibu kwa mdomo kabla ya kugeuza. Msipakue kadi 5,000 za mtu wa Hamburg. Dada mmoja alizipakua, siku ya tatu akakuta 900 zinamsubiri, akafuta programu, na nusura aondoke hata kwenye grupu la WhatsApp.

9. Masikio. Deutsche Welle wana masomo ya bure na habari zinazosomwa polepole. Sikilizeni mkiosha vyombo, kwanza bila maandishi. Msianze na maandishi! Mtihanini kuna sehemu inachezwa mara moja tu.

10. Msisitizo kwa walio zamu za usiku: dakika kumi na tano ukiwa macho zinashinda saa nzima ukisinzia. Hili nimelisema mara ngapi? Na bado mnanitumia picha za skrini saa kumi alfajiri.

Sasa habari za karai. Kuanzia Jumamosi hii, kila anayeingia anaweka simu kwenye karai la bluu pale mlangoni, ikiwa imewashwa, sauti juu. Tukiwa kwenye mazungumzo zitalia zikiwakumbusha masomo yenu ya leo, na mtaziacha zilie. Mtakaa wawili wawili, mtapewa hali: umechelewa kazini, mgonjwa anakataa dawa, mwenye nyumba anataka kodi. Dakika tano, hakuna Kiingereza, ukikosa neno lizunguke. Hujui sindano? Sema kitu kidogo chenye ncha. Mtahini anakupa alama kwa kuzunguka, kwa kunyamaza hakupi kitu.

Tulishajaribu kidogo Jumamosi ile ile, baada ya kijana wa siku 212 kumaliza kutazama dari. Nilimchukua simu nikaiweka chini ya kiti, nikamuuliza tena amekujaje. Ilichukua karibu dakika nzima. Akafumba macho, akakunja kidole gumba ndani ya ngumi, akasema: "Ich bin... mit dem Matatu... gekommen. Dann Boda." Kitenzi mwisho, dem mahali pake. Darasa likapasuka kwa vigelegele, na hapo hapo ugomvi ukaanza kama matatu ni der au das, wa Kisii wanasema der kwa sababu kondakta ni mwanamume, wengine das. Hatujaelewana mpaka leo. Bahati nzuri, baada ya mit zote mbili zinakuwa dem.